Siku Mama Alipozima Taa Zote

Nafundisha falaki, elimu ya nyota na sayari, katika chuo kimoja cha Bujumbura, na tangu nianze kazi hiyo sijawahi kupima nyota hata moja. Nilisoma kwa vitabu, nikafaulu kwa vitabu, na sasa nafundisha kwa vitabu. Nilipokuwa mwanafunzi niliomba kuandika tasnifu juu ya nyota zinazobadilika mwanga. Nikaambiwa kazi ya usiku si ya binti, likitokea la kutokea nani atajibu? Wakanipa mada wanayopewa wasichana wote wa fizikia: mbinu za kufundisha fizikia sekondari. Wavulana wawili wa darasa langu walipanda kilimani na darubini ya idara, wakarudi na mafua na picha za Mwezi. Mimi niliandika kurasa na kurasa juu ya ubao na chaki, na siku ya kutetea kazi yenyewe mwenyekiti wa jopo alinisifu kwa mwandiko mzuri. Nilisema asante. Mpaka leo nikiikumbuka ile asante yangu nashikwa na hasira.

Kwa hiyo alipoingia ofisini kwangu yule binti wa Kabonga, nilijua mapema shida anayoitafuta. Wazazi wake walivuka Ziwa Tanganyika kutoka upande wa Kongo kabla hajazaliwa, na baba yake anavua ndagala, wale dagaa wa ziwani, kwa taa. Katika somo langu alikuwa msichana peke yake. Si msemaji. Alisimama mlangoni akitafuna kifuniko cha kalamu, nikamwambia aketi, hakuketi.

“Madame, mimi nataka kupima kitu. Kitu yangu mwenyewe.”

“Kitu gani?”

“Yoyote, lakini ikuwe kule juu.”

Nilicheka. Halafu nikaacha kucheka, maana yeye hakuwa anacheka.

Nilikwenda kwa mkuu wa idara. Si mtu mbaya, nataka hilo lieleweke. Kila tukikutana anamuulizia mama yangu, na siku nilipofiwa na mjomba alikuja mpaka matangani. Akanisikiliza hadi mwisho, akavua miwani. “Chère collègue, tuongee ukweli. Mémoire, tasnifu ya falaki bila kipimo, jury hawataikubali. Akipata kipimo chake kabla muhula haujaisha, mimi nitasaini. Asipopata, atachukua didactique kama wenzake. Na mambo ya usiku, unajua mwenyewe. Ni mtoto wa watu.” Hiyo didactique ndiyo ile ile ya ubao na chaki. Nikamuuliza habari za darubini ya idara. Akasema iko kabatini, na ufunguo wa kabati uko na mwenzetu aliyekwenda kusoma Ulaya.

Nilishuka ngazi nikiongea peke yangu. Ningeweza kwenda juu zaidi, kwa dekano, kwa rekta, ningeweza kupiga meza. Najijua, meza nimeshazipiga nyingi, na zote ziko pale pale.

Aliyetufungulia mlango ni mwanamke mmoja wa chuo cha nje, niliyekuwa nimekutana naye kwenye mafunzo. Yeye na wenzake wana kazi moja ya ajabu. Kuna miamba inayozunguka Jua, mingi, midogo, isiyo na majina ya maana. Mara moja moja mwamba mmoja unapita mbele ya nyota ya mbali na kuiziba. Ukiwa umesimama mahali penyewe, unaona nyota inapotea kwa sekunde chache, halafu inarudi kana kwamba hakuna kilichotokea. Kivuli cha mwamba huo kinapita juu ya ardhi kama mkanda mwembamba. Aliye ndani ya mkanda anaona, aliye nje haoni kitu. Ukirekodi vizuri nyota ilipotea lini na kurudi lini, unajua mwamba una upana gani. Hiyo ni sayansi kamili, na kifaa kinachotakiwa ni darubini ndogo na mtu aliye makini.

Akaniandikia kwamba mkanda mmoja wa namna hiyo utavuka Ziwa Tanganyika mara tu giza likiingia, siku isiyo na mwezi, na kwamba upande wa Burundi utapita mkoa wa Rumonge. Niliifungua ramani yake. Mstari ulikuwa umepita Minago, juu ya michikichi ya nyuma ya nyumba ya mama yangu. Nilipiga kelele pale ofisini hadi katibu akaja kuuliza kama nimeona nyoka.

Tena nyumba ya Mama ilitatua lile jambo la pili. Binti anayelala kwa mama mzazi wa mwalimu wake, ni nani atasema neno? Mkuu wa idara mwenyewe alifurahi. “Kwa Mama? Ah, basi hapo hakuna shida. Umusalimie sana.”

Darubini ilikuja na msafiri kutoka kwa yule mwanamke, ya kuazima. Tukaanza mazoezi. Simu moja inatoa mlio kila sekunde kufuata saa sahihi, nyingine inarekodi, na mtazamaji anasema “sasa” nyota ikipotea, “sasa” nyota ikirudi. Baadaye unasikiliza na kupima. Tulifunga mapazia ya darasa mchana, mimi nikashika tochi upande mmoja na kuifunika kwa kiganja nitakavyo, yeye upande wa pili akisema sasa, sasa. Mwanzoni tulikuwa sawa. Baada ya wiki chache alinipita mbali. Nilikuwa namwonea wivu na kumfurahia kwa wakati mmoja, na nilitaka apate kile kipimo kuliko nilivyowahi kutaka kitu changu mwenyewe.

Esansi, yaani petroli, ilikuwa haipatikani, kama kawaida, kwa hiyo tulilala na miadi ya dereva mmoja na tukaamka na ya mwingine. Tulipata Probox iliyokuwa inakwenda kuchukua mawese Rumonge. Binti alipakata darubini iliyofungwa kwa mablanketi, njia nzima. Kwenye kizuizi kimoja polisi aliligusa lile furushi refu, akarudi nyuma hatua moja. Nikashuka kueleza. Nilieleza kwa Kirundi, nikaeleza kwa Kifaransa, mwishowe binti akafungua blanketi na kumwekea jicho kwenye kioo, akamwonyesha muuza ndizi wa ng'ambo ya barabara. Yule polisi aliangalia muda mrefu. Akasema, “Mbona amepinduka?” akatuacha twende.

Mama alikuwa ametuandalia ndagala kwa mawese na ugali wa muhogo. Tulirudi Burundi mimi na yeye baada ya miaka mingi ya kambini Tanzania, na huko kambini taa yetu ilikuwa kibatari. Alipopata umeme wa nyumba yake aliutembelea kama mtu amtembeleavyo mgonjwa, chumba kwa chumba, akibonyeza na kuutazama. Umeme ukikatika, swichi za vyumbani anaziacha zilivyo, ili ukirudi aujue hata akiwa amelala. Ile ya nje tu, ya balbu kubwa iliyo juu ya mlango wa uani, ndiyo hawashi. Anasema inaita wadudu na watu wasio na kwao. Wiki ile umeme ulikuwa umekatika siku nyingi mfululizo Minago nzima, transfoma imeharibika, na watu walikuwa wameshaanza kuzoea kukaa nje na kupiga soga. Mimi moyoni nilifurahi. Giza kamili, la bure, na hakuna hata wa kumwomba ruhusa.

“Mwana wanje,” Mama akamwambia binti kwa Kirundi, yaani mwanangu, “wewe ndiye unayeangalia nyota?”

“Ndiyo, Mama.”

“Na baba yako amekubali?”

“Baba anasema, mtu wa ndagala anaangalia chini, acha mumoja aangalie juu.”

Mama alicheka sana kwa hilo, akamwongezea samaki.

Jioni tukaitega darubini uani, mbele ya mlango, kwa sababu hapo ndipo sakafu ni ya saruji na haitikisiki. Tuligeukia mashariki, juu ya michikichi. Nyuma yetu, ng'ambo ya nyumba, wavuvi walikuwa wameanza kuwasha taa ziwani, lakini nyumba ilitukinga. Mbingu ilikuwa safi. Niseme kweli, nilikuwa nimejiandaa kwa mawingu. Nilikuwa nimeshaandaa na maneno ya kumfariji kwa ajili ya mawingu, na kulipokuwa hakuna wingu nikabaki nayo. Binti alianza na nyota kubwa anayoifahamu, akashuka ndogo kwa ndogo mpaka akafika kwenye yetu. Akanipisha nitazame. Ilikuwa nukta moja dhaifu, ya kawaida, kama chembe ya chumvi mezani.

“Mama,” nikaita, “tafadhali zima taa zote.”

“Nizime nini, na umeme haupo?”

“Zima tu, Mama. Kwa usalama.”

Akaingia na kitochi chake. Nikamsikia anapita chumba kwa chumba, swichi zikilia tak, tak, tak. Alivyo mama yangu, ukimpa kazi anaimaliza. Akatokea mlangoni, akanyoosha mkono ukutani, tak. “Nimezima zote,” akasema. “Hata ile ya nje.”

“Asante, Mama.”

Kisha tukasubiri. Mimi sikuwa na kazi yoyote. Kazi ilikuwa ya jicho moja, la yule binti, na mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake nimeshika kitenge changu kwa mikono miwili. Simu ilikuwa inalia tii, tii, tii. Kila baada ya muda anasema kwa sauti ndogo, “Iko.” Tii, tii. “Iko bado.” Nilisali. Sikumbuki nilisali nini, nadhani nilirudia jina la Mungu tu. Wakati wenyewe ukafika, ule ulioandikwa kwenye ujumbe, pamoja na zile sekunde za kuzidi na kupungua walizotuonya.

“Iko,” akasema.

Halafu uani kukawa mchana. Na katika mchana huo huo nikamsikia anasema, “Sasa!”

Kilima chote, yaani kijiji chetu kizima, kililipuka kwa shangwe. “Courant imerudi! Courant iko!” Watoto wanakimbia, sahani zinagongwa, redio zilizosahaulika zinaimba kila nyumba. Balbu kubwa ya juu ya mlango ilikuwa inawaka juu ya vichwa vyetu, nyeupe, na binti alikuwa bado amebandika jicho, amezungushia kioo viganja vyake viwili. “Sioni, Madame. Sioni kitu.” Niliruka kuifunika balbu kwa kitenge, haikufikika. Nikapiga kelele, “Mama, zima! Zima ya nje!” Mama alikuwa katikati ya uwanja anapiga vigelegele. Alinisikia mara ya pili au ya tatu, akakimbilia ndani, na kwa haraka zile akabonyeza kila alichokigusa. Sebule ikawaka. Chumba chake kikawaka. Chumba cha wageni kikawaka. Nyumba iliyokuwa giza tupu ndani ikawa taa kila dirisha, na mwisho kabisa, tak, ile ya nje ikazimika.

Binti akarudisha jicho. Nyota ilikuwa pale pale pake. Sekunde chache zilikuwa zimeshapita.

Ndipo nilipoelewa. Swichi ikibonyezwa wakati umeme haupo haikuambii umewasha au umezima. Za ndani zilikuwa zimewashwa siku zote, Mama akazizima. Ya nje ilikuwa imezimwa siku zote, Mama akaiwasha. Aliifanya kazi niliyompa, yote, kwa moyo wote. Wapo walioniambia baadaye kwamba ningeifungua tu ile balbu kwa mkono kabla ya kuanza. Nawashukuru. Nchi hii ina wataalamu wengi wa kesho yake.

“Lakini nilizima zote,” Mama alisema akiwa mlangoni, anahema, uso umejaa furaha. “Si ulinisikia?”

“Nilikusikia, Mama.”

Hasira yangu mnaijua sasa. Ilikuja yote, na haikuwa na mtu wa kumwendea. Nimkaripie mwanamke aliyeishi kwa kibatari miaka yote ile kwa sababu amefurahia taa? Niwakaripie wanaume walioitengeneza transfoma? Nilikwenda kando ya nyumba, penye mapipa ya kuchemshia ngazi, yale matunda ya michikichi, nikakiuma kitenge nisisikike.

Asubuhi tukakaa na simu kati yetu. Mlio wa sekunde, tii, tii. “Iko.” Tii. “Sasa!” na hapo hapo kilima kinaanza kupiga kelele. Tulirudia. Tukarudia tena. Ile “sasa” yake ilikuwa imeangukia ndani ya muda uliotabiriwa, mahali pazuri kabisa. Mtu angeisikiliza bila kelele za nyuma angesema huyu mtoto amekamata. Lakini balbu nayo ilikuwa imewaka pale pale, na nyota dhaifu ile isingeweza kuonekana kwenye mwanga ule. “Sasa” ya pili, ya kurudi kwa nyota, haikuwepo. Jicho la mtu haliwezi kutenganisha hayo, wala sikio.

“Ilipotea kwanza, au mwanga ulikuja kwanza?” nikamuuliza, ingawa nilikuwa nimeshamuuliza usiku.

“Madame, mimi sijui. Pengine nyota ilijificha na taa ikakuja. Pengine taa ilikuja na mimi nikasema. Nimewaza mpaka asubuhi.”

Ujumbe ulikuwa umeshaingia kutoka kwa yule mwanamke wa nje. Wenzetu wengine wote waliokuwa kwenye mkanda, upande wa Tanzania, walifunikwa na mawingu. Tumebaki sisi tu. Anasubiri.

Nilijua anachohitaji kuandika ili mkuu wa idara asaini. Sentensi moja. Hakuna duniani ambaye angeweza kumsuta, na huenda hata ilikuwa kweli. Huenda mwamba ulipita juu ya uwanja wa mama yangu na yule binti akauona. Nilitaka kumwambia aandike. Maneno yalikuwa yameshafika kwenye ulimi.

“Niandike nini, Madame?”

 Alisubiri, kwa adabu, kama wanavyosubiri darasani nikifuta ubao. 

“Andika ulichokiona,” nikasema mwishowe.

“Nimeona balbu,” akasema.

Akaandika hivyo, kwa Kifaransa kizuri, na saa, na sababu. Yule mwanamke wa nje alijibu kwa upole. Kipimo hakitatumika, anatushukuru kwa uaminifu, na kuna mikanda mingine ijayo, ila hakuna wa karibu nasi ambao darubini ile ingeuweza. Darubini ikarudi kwa msafiri mwingine. Mkuu wa idara alisikitika, kweli alisikitika, alinishika mkono. Kisha akasaini karatasi ya didactique.

Nilikuwa mstari wa pili siku binti alipotetea kazi yake. Alikuwa amevaa mshono mpya wa kitenge, na baba yake alikuja kutoka Kabonga, akakaa nyuma kabisa na kofia mapajani. Alizungumza juu ya jinsi ya kumfundisha mtoto wa sekondari kivuli ni nini, kwa kutumia tochi na kiganja. Jopo walipenda. Mwenyekiti alisema michoro yake ni safi sana na mwandiko wake unapendeza. Nilimwangalia binti. Niliomba asiseme.

“Asante,” akasema.

Sasa anafundisha shule moja ya Nyanza-Lac, na watoto, nasikia, wanampenda. Mara moja moja ananitumia ujumbe wa salamu. Nyota hataji, na mimi sitaji.

Anayezitaja ni Mama. Kila nikimpigia simu ananiuliza yule mtoto wa ndagala hajambo. Amewaambia Minago wote kwamba siku binti yake alipokuja na mtambo wa chuo kikuu ndiyo siku umeme uliporudi, na hataki kusikia habari za transfoma. Sijamweleza. Nilikaribia mara moja, nikamsikia anacheka, nikaacha.

“Na ile nyota yenu,” huniuliza, “si mliipata?”

“Tuliipata, Mama.”

“Basi mkija tena mniambie mapema,” anasema. “Nitawazimia zote, kama siku ile.”